Kona ya Nyuma Kushoto

Kazi ya kushusha gari haimaliziki bila watu wa kulikalia. Masinde aliwaambia hivyo wateja wake wote pale gerejini kwake Namuwongo, jirani na reli, na wengi walidhani anawatania. Unatoa springi ndefu zilizokuja na gari, unaweka fupi, unafunga shokapu mpya zinazolingana nazo, na gari linakaa chini kwa madaha. Lakini bolti za mikono ya chini, ile inayoshika magurudumu, hazikazwi gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Ukizikaza hivyo, siku gari litakapobeba watu mipira ya bushi itajisokota, na haimalizi mwezi kabla ya kuchanika. Lazima gari lisimame kwa magurudumu yake, watu wakae ndani kama watakavyokaa barabarani, ndipo fundi aingie shimoni na kukaza.

Kwa hiyo Masinde alikuwa na desturi yake. Akishaingia shimoni na spana zake alipaza sauti: "Aliye karibu aingie, akae!" Pitshou, mchomeleaji Mkongo mwenye kitambi cha haja, huacha kazi yake akaja kukaa nyuma. Hajati Sharifah, anayeuza chai na chapati langoni, hukaa mbele na kujipepea kwa ncha ya mtandio, akiuliza harusi ni ya nani. Hata mpita njia asiye na haraka aliweza kuingia. Kazi ikiisha Masinde hugonga chini ya gari mara mbili kwa spana na kusema, "Asante, shukeni," nao hushuka.

Ijumaa ile alikuwa hoi. Alikuwa ameshusha magari sita wiki hiyo, mgongo ulikuwa ukimuuma tangu Jumanne, na kila akiinama aliona nyota. Gari la saba lilikuwa la afande Komakech, polisi kutoka Gulu, mjane wa miaka arobaini na mitano, ambaye kwa sababu anazozijua mwenyewe alitaka Subaru yake nyeusi ilambe lami kama za vijana wa Bukoto anakoishi. Watu wazima nao wana mambo yao. Masinde hakumuuliza. Alifunga springi na shokapu zote nne, akalisogeza gari juu ya shimo, akateremka vidato vitano, akaita kama kawaida yake.

"Aliye karibu aingie, akae!"

Hakuna aliyejibu. Akakumbuka kwamba Pitshou ametoka na Hajati amekwenda msikitini. Mbingu ilikuwa imefunga, na uwanja mzima wa gereji ulikuwa kimya. Alitaka kutoka akatafute watu, lakini alipofikiria kupanda vile vidato alichoka zaidi. Akaita mara ya pili, safari hii bila hata kuchagua maneno: "Yeyote! Yeyote aliyesimama huko, aingie tu akae."

Springi ya nyuma kushoto ikajikunja. Ilijikunja polepole, taratibu, kama inavyofanya pale mtu mzito anapojiweka kitini kwa uangalifu. Masinde hakusikia mlango. Siku nyingine angetoa kichwa aone ni nani. Siku hiyo alishukuru tu kwamba amepata mtu, na mzito kwelikweli, akaanza kukaza bolti moja baada ya nyingine. Alikuwa kwenye ya mwisho mvua ilipomwagika. Namuwongo ni bondeni, na maji yote ya mtaa yana njia moja tu ya kupita. Yalianza kumiminika shimoni, akakusanya spana zake harakaharaka na kupanda nje, asigonge mara mbili, asiseme asante, wala asimwambie mtu ashuke.

Ndani ya gari hapakuwa na mtu. Alidhani amekimbia mvua.

Jioni afande Komakech alikuja kuchukua gari lake, akalizunguka akitabasamu. Alipofungua mlango wa nyuma tabasamu likaisha.

"Fundi, nani alilowesha hii kiti yangu?"

Masinde akachungulia. Kiti cha nyuma kushoto kilikuwa kimelowa, tena si majimaji ya mvua. Palikuwa na alama pana ya makalio, nyeusi, na kutoka pale ilipanda harufu ya tope bichi na mizizi ya mafunjo, harufu ambayo Masinde aliijua kwa sababu aliinusa mwaka aliochimba lile shimo. Akaomba msamaha, akafuta kwa kitambaa. Kioo cha upande ule kilikuwa kimefunga ukungu kwa ndani, wakati vingine vyote vilikuwa safi. Akakifuta pia.

Kesho yake alimuuliza Pitshou kama ndiye aliyekaa.

"Miye? Jana nilikuwaka Katwe, kutafuta oksijeni ya kuchomelea. Muulize Hajati."

Hajati naye, saa ile ya jana, alikuwa hajarudi kutoka msikitini. Masinde akaona aibu kuendelea kuuliza. Mtu akichoka sana husahau mambo, alijiambia, na akaliacha hapo.

Siku ya kumi na moja Komakech alirudi. Alikuja asubuhi, siku ya shule, na bado amemleta bintiye Akwero, mtoto wa miaka minane, ndiye pekee ambaye marehemu mkewe alimwachia. Mtoto alikuwa amekaa nyuma kushoto, kimya, sare imenyooshwa vizuri, lakini bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kama la mtu aliyebeba ndoo.

"Fundi, hii gari inalala upande moja," Komakech alisema. "Mimi nilisema ishuke yote, siyo kona moja. Siku za kwanza ilikuwa mbaya kabisa, tairi inagusa. Sasa kidogo imeanza kupanda yenyewe, lakini bado."

Masinde akapima kwa vidole, kama apimavyo siku zote, nafasi iliyo kati ya tairi na bodi. Mbele kulia vidole vitatu. Mbele kushoto vitatu. Nyuma kulia vitatu. Nyuma kushoto kimoja na nusu. Akamwomba mtoto ashuke ili apime gari likiwa tupu. Komakech akamnyanyua bintiye, na Masinde akamwona yule mwanaume wa kwenda mazoezini kila alfajiri akiyumba, akitafuta pa kukanyaga.

"Siku hizi amekuwa mzito," Komakech alisema, akijaribu kucheka. "Na hali hata chakula. Leo ameshindwa kupanda ngazi ya shule, mwalimu amenipigia simu. Nikitoka hapa nampeleka hospitali tena. Wamepima damu, wamepima kila kitu, wanasema mtoto yuko sawa."

Masinde akarudi kwenye tairi. Akapima tena. Gari tupu, na kona ile bado kidole kimoja na nusu.

Springi dhaifu ni jambo la kawaida, na dawa yake inajulikana. Akainua nyuma ya gari, akatoa springi ya kushoto akaiweka kulia, ya kulia akaiweka kushoto. Kama kasoro iko kwenye springi, gari litainamia upande wa pili. Alipoteremsha jeki hakuthubutu kuangalia mara moja. Gari lilishuka, likatulia, na kisha, baada ya kutulia, kona ya nyuma kushoto ikaendelea kushuka peke yake, polepole, na ngozi ya kiti ikalia ndani, ule mlio wa mtu anayejirekebisha apate kukaa vizuri.

Akarudi nyuma hatua mbili akajikuta karibu na mtoto, ambaye alikuwa ameketishwa kwenye tairi kuukuu, akilitazama gari bila wasiwasi wowote.

"Yeye hapendi ukimwinua," Akwero alisema kwa sauti ndogo.

"Nani, mama?"

"Huyo ya ndani. Amechoka. Anasema alisimama siku mingi sana hapa chini, kwa maji, na hakuna mtu alimwambia akae. Kisha wewe ulimwambia." Akajikuna bega. "Mimi namwachia anaegemea hapa. Naye anakuwa mzito."

Hapo ndipo Masinde alipoelewa, na alielewa kama fundi, kwa hesabu ya vidole, kwamba gari halikuwa linapona hata kidogo, kwamba siku zile zote uzito uliotoka kwenye kona ile haukupotea popote bali ulikuwa ukihama, nusu kidole leo na nusu kidole kesho, kutoka kwenye kiti na kuingia kwenye bega la mtoto wa watu, na kwamba siku ile gari litakapokaa sawa pande zote nne, na baba yake akafurahi, Akwero hatainuka tena kitandani.

Akakimbilia langoni. Hajati Sharifah alikuwa akigeuza chapati. Huyu mama wa Kinubi, siku za Jumapili, kwake Kasubi, huwasomea watu waliovamiwa na majini, ingawa pale gerejini hakuna aliyependa kulizungumza. Alimsikiliza Masinde bila kumkatiza, akaepua kikaango, akajifunga mtandio vizuri na kumfuata. Aliweka kiganja juu ya buti la gari, upande wa kushoto, akakiondoa upesi kana kwamba pamemuunguza.

"Banange, fundi," alinong'ona. "Ulimwita kwa mdomo yako?"

"Niliita tu, Hajati. Vile naitaga siku zote."

"Siku zote unaita watu na watu wanakuja. Siku hiyo ulisema yeyote. Na ukakaza bolti na yeye ndani, na hukumwambia ashuke. Kwa yeye hii ni nyumba. Alikaribishwa, akapimiwa, akafungiwa."

Komakech alikuwa amesikia. Alikuwa amevaa sare, na kwa muda Masinde aliogopa sare kuliko jini. Lakini yule baba hakufoka. Alimtazama bintiye, na uso wake ukawa wa mtu ambaye kwa siku kumi na moja alilijua jambo na kukataa kulitaja.

"Mama," alimwambia Sharifah, "omba hiyo kitu itoke. Mimi nakuomba."

"Mimi nitasoma, afande. Lakini mimi si mwenye nyumba. Aliyeita ndiye anatoa. Na iwe leo, kwa sababu nusu bado iko kwa gari. Ikimaliza kuhamia kwa mtoto, usinitafute."

Wakalisukuma gari juu ya shimo, Pitshou na Komakech, mishipa ikiwatoka shingoni. Shimo lilikuwa na maji ya mvua za wiki hiyo, kufika magotini. Akwero alikalishwa mahali pake, miguu nje, mkono wake ndani ya mkono wa baba yake, maana Hajati alisema kilichogawanyika lazima kiwe pamoja ndipo kitoke chote. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Masinde.

"Legeza zote ulizokaza. Gonga. Mwambie ashuke, basi. Akikuuliza kitu, usijibu. Usimwambie karibu, usimwambie pole, na usimpe kiti. Umesikia?"

"Nimesikia, Hajati."

Ilikuwa saa sita na nusu mchana, lakini chini ya gari palikuwa na giza la mawingu, na maji yalikuwa baridi kuliko maji ya mvua yanavyopaswa kuwa. Juu yake Hajati alianza kusoma kwa sauti ya chini isiyokatika. Masinde alilegeza bolti ya kwanza, nayo ikatoa mguno. Ya pili ikatoka kwa shida, na maji ya tope yakamchirizikia kutoka kwenye bushi mpaka kwenye kiwiko. Kila alipolegeza moja alisikia juu yake kitu kikijivuta kitini, kikijishikilia, na ile harufu ya mafunjo ikashuka na kujaa shimoni hata akawa anaionja mdomoni, na alipofika ya mwisho spana iliteleza mara tatu kabla ya kushika, na hakuweza tena kujua ni hofu au ni ule uchovu wake wa miaka yote, aliotoka nao Bungoma akiwa kijana na ambao hakuwahi kupata siku ya kuutua.

Akagonga mara mbili. "Asante," alisema. "Asante, shuka."

Gari halikuinuka.

Akagonga tena. "Shuka. Kazi imeisha."

Hajati akakatiza kusoma. Kisha Akwero akasema, kwa upole wa mtoto anayepeleka ujumbe wa mtu mkubwa: "Anauliza, akishuka akae wapi."

"Usijibu!" Hajati alifoka. "Fundi, usijibu! Mwambie ashuke!"

"Shuka!" Masinde alipiga kelele. "Shuka, nimesema!"

Kona ya nyuma kushoto ikaanza kupanda. Kwa kufumba na kufumbua alifurahi. Kisha akamsikia Komakech.

"Mtoto ananielemea. Fundi. Fundi, siwezi kumshika, anazama, mama, anazama kwa kiti..." Na ndani ya maneno hayo sauti nyembamba ya Akwero, ikivuta pumzi ambayo haikuingia.

Masinde aliitazama springi ikinyooka mbele ya macho yake, kidole baada ya kidole, na alijua kila kidole kinakwenda wapi. Hakuwa shujaa. Angekuwa na nguvu angepanda, angemnyakua mtoto, angefanya jambo la maana. Lakini vidato vilikuwa vitano na yeye alikuwa na mdomo tu, ule ule ulioanzisha mambo haya.

"Hapa," alisema. "Njoo ukae hapa kwangu."

Gari likaruka juu. Mara hiyo hiyo maji ya shimoni yakapanda kutoka magotini hadi mapajani, kama yapandavyo mtu wa pili anapoingia, na mabega ya Masinde yakapokea.

Juu yake Akwero alivuta pumzi ndefu, akalia kwa sauti kubwa kama alivyopaswa kulia kwa siku kumi na moja. Baba yake alikuwa akicheka na kulia pamoja, akimrusha hewani kama kitoto kichanga. Pitshou ndiye aliyekumbuka shimo. Alishuka akampa Masinde mkono, na yule mtu anayebeba injini peke yake alilazimika kuita wenzake wawili wa gereji jirani ndipo fundi akatoka.

Hajati alimletea chai yenye sukari nyingi. Hakukaa karibu naye.

"Nilikuambia usimpe kiti."

"Ningefanya nini, Hajati?"

Alisimama akikunja na kukunjua ncha ya mtandio. "Nitakusomea kila Jumapili," alisema mwishowe. "Labda itapungua. Naye kutoka, hatoki. Labda apate mahali anapenda zaidi, na wewe ukubali."

Masinde alikaza upya bolti za gari la Komakech, wakakalia Pitshou na baba mtu, akawataja wote wawili kwa majina. Akapima. Vidole vitatu pande zote nne. Ilikuwa kazi safi.

Ijumaa iliyofuata alirudi nyumbani mapema kwa sababu hakuweza tena kuinua gurudumu. Nerima, mkewe, alimpakulia ugali na kumwambia akae. Alisema atakula amesimama. Hakumweleza kwamba jana alipokaa ilimchukua robo saa kuinuka, wala kwamba usiku mto wa upande wake hulowa na kunuka tope. Nerima alimtazama akiwa ameegemea ukuta, amezeeka ndani ya wiki moja, akafungua mdomo kuuliza, na simu ikalia.

"Fundi!" Alikuwa Komakech, sauti imejaa furaha. "Sikia hii." Na Masinde akasikia kamba ikipiga sakafu, na miguu midogo ikiruka, na Akwero akihesabu kwa pumzi nzima, arobaini na moja, arobaini na mbili. Machozi yakamtoka, hakuyazuia. "Unasikia? Hajachoka! Sasa anasumbua, anataka kuja kwako kusema asante. Kesho namleta. Anasema lazima akusalimie kwa mkono."

Uzito ukaondoka.

Uliondoka wote kwa mara moja. Masinde akanyooka mgongo mpaka mifupa ikalia. Alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kusimama hivi, bila kubeba chochote, hewa ikiingia mpaka chini ya mbavu. Kile kitu kilikuwa bado kipo, kimejiinua kidogo tu begani kwake, kimetega sikio kwenye simu, kikisubiri kwa hamu neno lake. Alihitaji kusema ndiyo, basi. Alisimama vile kwa pumzi tatu, labda nne, na zilikuwa tamu kuliko usingizi wowote aliowahi kulala.

"Fundi? Uko?"

"Usimlete, afande."

"Nini? Mtoto anataka tu..."

"Usimlete kesho. Usimlete mwaka ujao. Mkinikuta njiani, mvuke upande wa pili." Akakata simu. Akaiweka mezani, akashika ukuta kwa mikono yote miwili, akapanua miguu kidogo ili asianguke, na kungoja.

Ukarudi.